Salamu kwa Mgeni: Uhakiki wa Wimbo "Jambo Bwana" Ukisikilizwa Kutoka Nyanda za Buha

Utangulizi

Watu wa Buha husalimiana polepole. Aliyepata kutembea kwa miguu kutoka Kasulu mjini kwenda Heru Juu, au kulala katika vijiji vya Kibondo, bila shaka amewaona wazee wawili wakikutana njiani. Mmoja hutua mzigo wake, wote wawili huinama kidogo, huyagonganisha makofi yao kwa sauti ndogo, na kuanza kuulizana. Kumekuchaje? Watoto wameamkaje? Wagonjwa je? Shamba je? Kila swali lina jibu lake, na kila jibu huzaa swali jingine. Mgeni kutoka mjini akiwa amesimama kando huweza kudhani kwamba wazee hawa hawana la kufanya. Kumbe hapo ndipo wanapofanya kazi kubwa kuliko zote, yaani kazi ya kuhakikishiana kwamba bado wao ni watu wa jamii moja.

Katika makala hii tunakusudia kuuhakiki wimbo mmoja unaotumia salamu kama msingi wake. Wimbo huo ni "Jambo Bwana", uliotungwa na kupigwa na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pengine hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali kuliko huu, ukiuondoa ule wa "Malaika". Umeimbwa Ulaya, Amerika na Asia. Umeimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili. Na umeimbwa pia katika shule zetu, pamoja na zile za nyanda za juu za Kigoma, kila inapotangazwa kwamba kuna wageni.

Siku moja, katika shule mojawapo ya Kasulu, wanafunzi waliwaimbia wageni wimbo huo kwa furaha kubwa. Mzee mmoja wa kijiji, aliyealikwa kama mzazi, aliusikiliza mpaka mwisho. Alipoulizwa na mwalimu kama umempendeza, alijibu: "Wameimba vizuri. Lakini sikusikia aliyeitikia." Maneno hayo ya mzee ndiyo yaliyozaa uhakiki huu. Swali letu ni hili: salamu iliyomo katika wimbo huu ni salamu ya nani kwa nani, na mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo anapouimba anamwambia nani nini?

Chimbuko la wimbo

Kazi ya sanaa haishuki kutoka mawinguni. Huzaliwa mahali fulani, wakati fulani, na watu wenye shida na matumaini yao. Bendi ya Them Mushrooms ilianzishwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchukua jina hilo mwaka 1972. Nguzo zake zilikuwa ndugu wa familia ya Harrison, miongoni mwao Teddy Kalanda Harrison, ambaye ndiye mtunzi wa "Jambo Bwana". Kwa miaka mingi bendi hii ilipata riziki yake katika hoteli za kitalii zilizopangana ufukweni, kaskazini na kusini mwa Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuwaburudisha wageni waliotoka Ujerumani, Uingereza, Uswisi na Italia kwa nyimbo walizozifahamu.

Hali hii tuielewe vizuri kabla ya kutoa hukumu yoyote. Mwanamuziki wa hoteli ni mfanyakazi. Anaajiriwa, anapangiwa saa, na hadhira yake hubadilika kila baada ya wiki mbili. Hadhira hiyo haijui Kiswahili, lakini inapenda kurudi kwao na neno moja au mawili ya kukumbuka. Mgeni hujifunza kwa mhudumu wa chakula neno "jambo". Hujifunza kwa dereva "hakuna matata". Hujifunza "habari" na "karibu". Teddy Kalanda aliyakusanya maneno hayo machache yaliyokuwa yakizagaa hotelini, akayatia katika tuni nyepesi isiyosahaulika. Wimbo unaanza kwa kumwamkia mgeni, unamuuliza hali, unampokea, unaisifu nchi kwa uzuri na utulivu wake, kisha unamtoa hofu. Ni hayo tu.

Wakati huo huo hali ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ya namna yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo huo mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa hiyo wimbo huu unaomkaribisha kila mtu ulitoka katika miaka ambayo jirani wa Namanga hakuweza kuvuka kihalali kwenda kumsalimia ndugu yake. Sahani za santuri zilikwama mpakani, lakini mawimbi ya redio hayana lango, na wimbo ukatufikia.

Upande wetu, miaka hiyo ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya taifa. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilikuwa adimu madukani, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Katika hali hiyo, wimbo uliosema kwamba hakuna matata ulisikika Kasulu kama habari kutoka nchi ya mbali sana.

Mdundo: rege iliyolainishwa

Wataalamu wa fani hutufundisha kwamba katika wimbo, mdundo nao husema. Kwa hiyo hatuna budi kuuchunguza mdundo wa "Jambo Bwana" kabla ya kuyagusa maneno yake.

Rege ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mitaa ya watu maskini ya Kingston. Alama zake kubwa ni tatu. Kwanza, gitaa hukata sauti fupi fupi katikati ya mapigo, pale ambapo mguu wa mchezaji umeinuliwa, haujakanyaga bado. Pili, besi hubeba uzito wa wimbo, nayo huzungumza badala ya kusindikiza tu. Tatu, mara nyingi ngoma huacha pengo mwanzoni mwa kipimo, mahali ambapo muziki mwingine hupiga kwa nguvu. Msikilizaji hubaki akingoja kitu ambacho hakijaja. Si ajabu kwamba muziki wa namna hiyo uliwafaa watu waliokuwa wakingoja haki.

Rege ilipofika Afrika ilipokewa kama mtoto aliyepotea akarudi nyumbani. Bob Marley alipiga Salisbury, mji ambao leo ni Harare, Aprili 1980 katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Alipofariki Mei 1981, vijana wengi wa Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi walikuwa wamekwisha kuujua mdundo wake. Them Mushrooms walikuwa mstari wa mbele katika jambo hili. Mwaka 1981 walirekodi rege yao wenyewe, nao wanahesabiwa miongoni mwa watangulizi wa muziki huo Afrika ya Mashariki. Hawakuwa watu wa kubahatisha, bali mafundi waliojua rege ni nini.

Hata hivyo, "Jambo Bwana" si rege kamili. Ni muziki wa pop wa gitaa la umeme uliopitiwa na upepo wa rege: mwendo wa taratibu, besi ya upole, na uchangamfu wa pwani. Wametwaa utulivu wa rege na kuliacha lile pengo linaloumiza. Kilichokuwa sauti ya mtu anayedai kimekuwa sauti ya mtu anayeburudisha. Hatusemi kwamba hilo ni kosa la ufundi. Kama fundi seremala anavyochagua mbao kwa kazi aliyonayo, ndivyo mwanamuziki anavyochagua mdundo. Lakini mhakiki hana budi kuona ni nini kilichochaguliwa na ni nini kilichoachwa.

Lugha: jambo lililopoteza kichwa

Tuingie sasa katika lugha, ambayo ndiyo inayowahusu zaidi walimu na wanafunzi wetu.

Neno "jambo" kwa asili si salamu. Ni nomino yenye wingi wake "mambo", na maana yake ni shauri, tukio, kitu kilichotokea, na mara nyingi kitu kizito kilichotokea. Salamu ya Kiswahili ni "hujambo", yaani huna jambo. Na jibu lake ni "sijambo", sina jambo. Kwa wengi tunasema "hamjambo" na kujibiwa "hatujambo". Uzuri wa salamu hii umo katika ukanushi wake. Anayesalimu anauliza kwa busara kama mwenziwe hajapatwa na baya lolote, na anayejibu anamtuliza. Tena viambishi vyake huonyesha wazi nani anasema na nani.

Ukiondoa viambishi hivyo na kubakiza "jambo" peke yake, umekata kichwa cha salamu. Hakuna tena nafsi ya kwanza wala ya pili, hakuna umoja wala wingi, hakuna swali. Kimebaki kitu kama kengele ya mlangoni. Hii ndiyo salamu waliyoizoea wageni kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu ni nyepesi kukumbukwa na haidai jibu lolote. Mswahili wa pwani hakuwahi kumsalimia mamaye hivyo.

Jambo la kuvutia ni kwamba ukanushi uliokatwa mwanzoni mwa wimbo unarudishwa mwishoni. "Hakuna matata" maana yake ni ile ile iliyokuwamo ndani ya "hujambo": kwamba hakuna lililoharibika. Lakini angalia tofauti. Katika "hujambo", mwenyeji anamuuliza mwenziwe na kungoja jibu. Anakubali kwamba huenda jambo lipo. Katika "hakuna matata", mwenyeji hajauliza tena, ametangaza. Swali limegeuka tangazo. Hapa ndipo tunapouona kwa dhahiri moyo wa wimbo wote.

Zaidi ya hayo, anayeuliza habari katika wimbo ndiye huyo huyo anayejibu. Mwimbaji anajiuliza na kujiitikia. Mzee wa Kasulu aliliona hilo mara moja bila kusoma kitabu chochote cha uhakiki. Na katika jibu lenyewe sifa ya "habari" imepewa kiambishi cha ngeli ya mtu, mahali ambapo sarufi inataka kile cha ngeli ya habari. Mwalimu angeliweka alama nyekundu hapo. Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Watunzi ni wenyeji wa pwani, na hakuna shaka kwamba walikijua Kiswahili chao. Wameandika Kiswahili cha mgeni kama mgeni anavyokisema. Kwa maneno mengine, katika wimbo huu mwenyeji ameiacha lugha yake na kuivaa lugha ya mgeni wake, ili mgeni asione tabu. Huo ni ukarimu mkubwa, nao una gharama yake.

Tuseme pia neno juu ya "matata". Katika Tanzania wengi wetu tungesema "hakuna shida" au "hamna neno". Lakini kwa jirani zetu wa mashariki ya Kongo, "matata" ni neno la kila siku, na lina uzito. Huweza kumaanisha ugomvi, fujo, hata vita. Tutalirudia neno hili baadaye.

Bwana ni nani?

Neno la pili katika jina la wimbo ni "bwana". Kwa Mswahili wa pwani neno hili lina heshima ya kawaida. Mke humwita mumewe bwana, na rafiki humwita rafiki yake bwana. Lakini kila neno husikika kwa masikio ya historia ya msikilizaji, na historia ya Buha ina la kusema.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Kigoma ilifanywa hazina ya nguvukazi. Hakukuwa na zao kubwa la biashara lililoenezwa huku, lakini kodi ilidaiwa kwa fedha. Hivyo vijana wa Kasulu na Kibondo walishuka Kigoma au Uvinza, wakapanda gari-moshi, na kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na umbali wake mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kuanzia miaka ya 1940 shirika la wenye mashamba la kukusanya vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, liliifanya kazi hiyo kwa mpango. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambulishwa kwa nambari. Kazi yake ilihesabiwa katika kipande, siku moja baada ya nyingine.

Wazee wengi wa Buha walijifunza Kiswahili chao huko shambani, si shuleni. Na miongoni mwa maneno ya kwanza waliyoyasikia ni hayo hayo mawili: "jambo" na "bwana". Asubuhi, mstari ukiwa umepangwa, ndivyo walivyotakiwa kumwamkia msimamizi wa shamba. Haikuwa salamu ya kuulizana hali. Msimamizi hakuuliza kama mtoto wa manamba amepona. Alitaka kujua kama manamba yupo. Salamu ilikuwa sehemu ya mahudhurio.

Ndiyo maana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa letu lilichagua neno "ndugu" katika mikutano, ofisini na katika barua. Vijana wa leo huenda wakaliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini kwa mtu aliyewahi kuitwa kwa nambari, kuitwa ndugu na Mkuu wa Wilaya halikuwa jambo dogo hata kidogo. Tulitambua kwamba salamu hupanga watu: nani yuko juu, nani yuko chini, na nani wako sawa. Tukabakiza "shikamoo" kwa ajili ya umri, kwa sababu umri kila mtu ataufikia akijaliwa, na tukapunguza "bwana" kwa sababu ubwana haukuwa wa kila mtu.

Hatusemi kwamba Teddy Kalanda alikuwa na nia ya kuurudisha ubwana. La hasha. Tunachosema ni kwamba hoteli ya ufukweni, kama shamba la mkonge, ni mahali ambapo mwenyeji humsalimia mgeni kwa sababu ameajiriwa. Wimbo umebeba alama ya mahali ulipozaliwa, kama chungu kinavyobeba alama ya vidole vya mfinyanzi.

Mgeni wa siku ya kwanza

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii imejaa hekima juu ya ukarimu. Siku ya kwanza na ya pili mgeni hula na kupumzika. Siku ya tatu anaingizwa katika maisha ya wenyeji. Kumpa mgeni jembe si kumtesa. Ni kumwambia kwamba sasa yeye ni mmoja wetu.

Mgeni wa "Jambo Bwana" haifikii siku ya tatu. Amepokewa, ametolewa hofu, ameonyeshwa uzuri wa nchi, kisha wimbo unarudi mwanzo na kumpokea tena. Kila siku kwake ni siku ya kwanza. Hapewi jembe wala haambiwi jina la mwenyeji.

Buha inawajua wageni wa namna nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Stanley alipita katika nchi hii akimtafuta Livingstone. Watawala wa Buha walidai hongo, kama ilivyokuwa desturi kwa misafara yote, nao walidai hongo nzito. Alipochoka kutoa, Stanley aliamua kupita usiku kwa kunyemelea, wapagazi wake wakiwa wameagizwa wasipige kelele, mpaka wakatoka mpakani. Baadaye alifika Ujiji, na maneno aliyomwamkia nayo Livingstone yakawa salamu mashuhuri duniani. Watu wengi wanaijua salamu ile ya Ujiji. Wachache wanajua kwamba mtu aliyeitoa alikuwa ametoka kupita katika nchi ya wenyewe bila kuwaaga.

Kisha wakaja wageni wa aina nyingine. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji walivuka mpaka. Serikali iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa jembe kwa maana halisi ya methali yetu, na miaka mingi baadaye zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya. Hao nao ni wageni. Wamekuja na matata, katika ile maana nzito ya neno ambayo Wakongo huitumia. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba hakuna matata. Salamu inayomfaa ni ile ya kale ya kuuliza na kungoja: umeamkaje, na wa kwako wako wapi? Salamu ya asubuhi ya Kiha, kama ile ya Kirundi iliyo ndugu yake, imejengwa juu ya kitenzi cha kucha. Humkumbusha mwenye shida kwamba usiku ulikuwapo, na kwamba kumekucha.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa maudhui ya "Jambo Bwana". Ni wimbo wa ukarimu kwa mgeni mwenye tiketi ya kurudi.

Wimbo ulipovuka bahari

Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, lilitoa toleo lake la wimbo huu kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata". Hapa kuna fumbo la kutafakari. Waimbaji wakuu wa kundi hilo walikuwa watu wenye asili ya Afrika waliozaliwa visiwa vya Karibi, na Liz Mitchell ni mzaliwa wa Jamaika, nchi ya rege. Mwaka 1978 walikuwa wamepata sifa dunia nzima kwa "Rivers of Babylon", wimbo wa rege uliorekodiwa kwanza na kundi la Melodians la Jamaika, wenye msingi katika Zaburi ya 137, zaburi ya watu waliohamishwa kutoka kwao. Wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani wakaimba juu ya uhamisho, na miaka mitano baadaye wakaimba kwa Kiswahili kwamba hakuna matata. Nyimbo zote mbili zilichezwa katika kumbi zile zile, kwa furaha ile ile. Soko lilikuwa limekwisha kulifuta pengo lililokuwa kati yao.

Mwaka 1994 maneno "hakuna matata" yaliingia katika filamu ya katuni ya Marekani ya The Lion King, yakiwa jina la wimbo mwingine wa Elton John na Tim Rice. Mwaka 2003 kampuni ya Disney iliyaandikisha Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wengi wa Afrika walilalamika walipopata habari hizo. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini tujiulize pia: ni nani aliyekuwa wa kwanza kuyapanga maneno yetu juu ya meza ya kuuzia? Kitu kilichokwisha kupangwa sokoni hakikosi mnunuzi.

Hapa tulinganishe na kazi nyingine. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, aliacha wimbo ulioitwa "Shida". Wimbo huo uliitaja shida kwa jina lake, na wananchi wa nchi zote mbili waliukumbatia kwa sababu waliiona humo hali yao. Haukuvuka bahari kama "Jambo Bwana". Huo ndio mzani wa msanii wetu: wimbo unaowaambia watu ukweli wao hukaa nyumbani, na wimbo unaomwambia mgeni anachotaka kusikia hupanda ndege.

Hitimisho

Je, tuseme basi kwamba "Jambo Bwana" ni wimbo mbaya, na kwamba usiimbwe shuleni? Hatukubaliani na hukumu hiyo. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza dansi za kigeni kuliko ngoma zao; lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Rege ni ya kujifunza. Gitaa ni la kujifunza. Hata ufundi wa kutunga tuni fupi ambayo dunia nzima inaikumbuka baada ya kuisikia mara moja ni wa kujifunza, nao si ufundi mdogo. Nakala za "Jambo Bwana" ziliuzwa kwa wingi ambao bendi chache za Afrika ya Mashariki zilipata kuufikia, na watunzi wake wanastahili heshima na haki zao zote.

Kwa hiyo tunauhesabu kuwa wimbo uliotimiza vema kusudi dogo. Kosa si la wimbo; ni letu, tulipouchukua wimbo wa mlangoni na kuufanya sebule nzima. Mgeni anayekuja Kasulu au Kibondo ana haki ya kusikia kitu ambacho hakukisikia uwanja wa ndege. Zipo ngoma za Buha, zipo nyimbo za kulima na za kumpokea bibi arusi, ambazo wazee bado wanazijua, na ambazo zitakwenda nao kaburini kama wanafunzi hawatazidaka.

Tunawashauri walimu wafanye hivi. Wauweke wimbo huu mbele ya darasa na kuwataka wanafunzi waulize maswali matatu ya mhakiki: nani anasema, nani anaambiwa, na nani anajibu. Kisha wawatume nyumbani wakaandike, neno kwa neno, jinsi bibi zao wanavyosalimiana asubuhi, kwa Kiha na kwa Kiswahili. Waletapo daftari zao, walinganishe. Mwanafunzi atakayegundua kwamba salamu ya bibi yake ina maswali saba na majibu saba, na kwamba salamu ya wimbo haina hata jibu moja la mtu wa pili, atakuwa amejifunza fani na maudhui kwa njia ambayo hatazisahau.

Na siku wageni watakapokuja tena shuleni, watoto na wawasalimie "hamjambo". Kisha wanyamaze kidogo, wangoje kuitikiwa.